Siku Moja Baden: Jibu kwa Wanangu wa Tanga

Wanangu, nimeyasoma mliyoandika kwenye kundi la ukoo baada ya kuziona picha zangu za Baden. Mmoja wenu amesema kwamba huku tunakula bata ilhali yeye ameambiwa asubiri hadi Juni ndipo apate msaada wa kununua bodaboda. Mwingine ameuliza kama ni kweli watu huoga uchi. Na wifi yangu, kwa adabu yake yote, ametaka kujua ile glasi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na nini. Nitawajibu bila kuficha, maana nikikaa kimya mtajijibu wenyewe.

Baden ni mji mdogo ulio kusini mwa Vienna, mji mkuu wa Austria ninakoishi, mwendo wa kama saa moja kwa tramu inayoanzia kando ya jumba la opera, katikati ya jiji, na kuishia katika uwanja wa Josefsplatz. Tiketi yangu ya mwaka, ile ile inayonipeleka kazini, hunifikisha mpakani mwa jiji, na kipande kinachobaki hukilipia pesa kidogo. Mji huo unaishi kwa maji yake. Chemchemi zake zina salfa na joto linalofika nyuzi 36, na Warumi walioyajua maji hayo zamani walipaita mahali hapo Aquae. Aliyewahi kufika kwenye chemchemi za salfa za Galanos, kule Amboni karibu na Tanga, hahitaji kuelezwa harufu yake: ni ya mayai viza, na pua huizoea upesi kuliko mtu anavyotarajia.

Kabla sijaingia majini, mhudumu alinitaka nivue pete yangu ya fedha. Sababu yake niliiona bwawani, shingoni mwa mama mmoja ambaye mkufu wake ulikuwa umeshaanza kugeuka mweusi, naye akaushika akicheka kana kwamba anajua dawa ya kuusafisha. Humo hakuna kupiga mbizi wala makelele. Watu hukaa tu, maji yakiwafika shingoni, na baada ya dakika kama ishirini hutoka wakajilaze kwenye viti, kwa kuwa maji ya salfa huchosha mwili. Mzee mmoja aliyekuwa akiyanyoosha magoti yake taratibu alinihesabia muda bila kuombwa, akanionyesha saa ya ukutani na kuniambia kwamba sasa inatosha. Nilitoka. Wazee wa Austria hupenda kukumbusha watu kanuni, nami ninayewatunza kila siku katika nyumba ya wazee nimeshajua lini inafaa kubishana na lini haifai.

Kuhusu uchi, jibu ni ndiyo na hapana. Katika mabwawa kila mtu huvaa nguo za kuogelea. Katika sehemu ya sauna, ambayo ina mlango wake na malipo yake, wanaume na wanawake huingia pamoja bila nguo, wameketi juu ya taulo zao, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mimi siingii, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mji huu ulikuwa wa wakubwa. Kaizari Franz wa Kwanza alikuja kupumzika majira ya joto mwaka baada ya mwaka, na mji ulipoungua mwaka 1812 ulijengwa upya kwa nyumba nadhifu zinazoonekana nyuma yangu katika zile picha. Beethoven, mtunzi wa muziki aliyekuwa akiziwika, naye alikuja mara nyingi akitafuta nafuu, na katika nyumba moja ya mtaa wa Rathausgasse, ambayo leo ni makumbusho, alifanyia kazi simfoni yake ya tisa mwaka 1823. Kazi ilikwenda, lakini masikio yake hayakupona. Mwaka 2021 Baden iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya yenye maji kama hayo.

Sasa nije kwenye lile la kula bata, kwa sababu ndilo lililoniuma. Yule mzee wa magoti hakuwa tajiri. Aliniambia kwamba alikuwa fundi bomba, na kwamba daktari alimwandikia wiki tatu za matibabu ya maji ambazo bima ya jamii hulipia, mgonjwa akichangia kiasi fulani kwa siku kulingana na kipato chake. Mfanyakazi wa kawaida hapa ana wiki tano za likizo yenye malipo kwa mwaka, na hizo ni sheria, si hisani ya mwajiri. Jumapili maduka karibu yote hufungwa. Mtu akikaa bustanini siku nzima na kitabu, hakuna anayesema kwamba amefilisika au kwamba ameiba. Hilo ndilo ninalolionea wivu kwa niaba yenu, kuliko mshahara wangu, ambao kodi ya nyumba huula mapema kabla sijaugawa.

Na kwa kuwa mtasikia kwa wengine, bora mlisikie kwangu: ndiyo, wengi wetu tulioajiriwa hapa hupata mishahara kumi na minne kwa mwaka. Wa ziada mmoja kwangu huja Juni na mwingine Novemba. Wa Novemba ndio unaolipa ada zenu za Januari, na wa Juni ndio nilioutaja nilipomwambia mwenzenu asubiri. Sikuwa nikimzungusha. Siku ya Baden haikula hata tairi moja la pikipiki hiyo.

Jioni ndiyo ya ile glasi. Nyuma ya nyumba za mwisho za mji huanza mashamba ya mizabibu, na wakulima wenye zamu hufungua nyua zao na kuuza mvinyo wao wenyewe, ruhusa iliyotolewa na Kaizari Joseph wa Pili mwaka 1784. Tawi la msonobari likining'inia mlangoni, ujue pamefunguliwa. Unakaa kwenye benchi la mbao pamoja na watu usiowajua, chakula unakichagua mwenyewe kaunta. Nyama nyingi hapo ni ya nguruwe, na hata mkate hupakwa mafuta yake, kwa hiyo mimi huchukua jibini iliyosagwa na pilipili nyekundu, mayai na matango. Wifi, katika glasi mlikuwa na juisi ya zabibu za shamba lile lile, haijachachuka, nami niliona mama mwenye ua akiimimina. Wenzangu wa kazini walikunywa mvinyo mweupe uliochanganywa na soda, na hakuna aliyenishawishi.

Aliyeuliza kama Baden pangefaa kuhamia, nami nimjibu hivi: nyumba ni ghali, waliostaafu ni wengi, na kazi ninazozijua kwa mgeni ni zile zile za kutunza wazee, ambazo hazipatikani bila cheti kilichotambuliwa na Kijerumani cha kutosha kuandika ripoti ya zamu. Saa nne usiku mitaa yake imeshanyamaza. Mimi huko hutembelea tu; kwa kuishi, Vienna inanitosha.