Meneja ameshiba, bendi ina njaa

Mmeuliza wiki hii: ni filamu gani ya vichekesho isiyojulikana sana ambayo ungependa wengine waione? Jibu langu ni Leningrad Cowboys Go America, ya Mfini Aki Kaurismäki, iliyotoka mwaka 1989.

Bendi moja ya huko tundra, nywele zimechongoka mbele kama pembe ya kifaru na viatu vimechongoka vilevile, inamsikilizisha promota muziki wake. Huu hauuziki, anaamua. Nendeni Marekani, kule wanapokea chochote. Wanafunga safari pamoja na mpiga besi wao aliyeganda kwa baridi. Yeye yumo ndani ya jeneza, lililotobolewa ili nywele na ncha za viatu zipate kutokeza. New York hakuna kazi, ila wanatumwa Mexico kutumbuiza harusini. Wananunua Cadillac kuukuu (muuza magari ni Jim Jarmusch, naye mwongozaji filamu) na safari inaendelea, jeneza likiwa juu ya gari.

Lakini filamu ni ya Vladimir, meneja, aliyeigizwa na Matti Pellonpää. Pesa zote anazishika yeye. Vijana wanakaa na njaa, yeye anakula, na bia zake kazificha humo humo jenezani, kwenye barafu ya marehemu! Siku wanapochoka na kumfunga kamba, skrini inaandika kuwa ni mapinduzi. Muda si muda kamba zinafunguliwa, skrini inatangaza kuwa demokrasia imerejea, na Vladimir anashika hatamu kama kawaida. Mimi nimewahi kupiga kwenye bendi ambayo mgao ulikuwa siri ya mtu mmoja, kwa hiyo hapo nilicheka kwa kinyongo kidogo.

Wapo watakaosema inakwenda polepole. Ni kweli, watu hawasemi sana na hakuna anayetabasamu. Ila angalieni wanavyobadilisha muziki kila wanapofika baa mpya, kufuata wateja wa pale wanataka nini, nyuso zao zikiwa zilezile. Hakuna anayelalamika kuhusu sanaa yake. Wanatafuta chakula cha jioni.

Wengi wa wale vijana walikuwa wanamuziki kweli, wa kundi la Sleepy Sleepers, na bendi haikufa na filamu. Mwaka 1993 ilipiga Helsinki pamoja na kwaya ya jeshi la Urusi, ile ya Alexandrov. Tamasha hilo nalo Kaurismäki alilirekodi, lakini anzeni na filamu. Haifiki hata dakika 80.