Bwana mifugo alijuaje ndama wangu kapungukiwa maji?

SWALI: Shikamoo daktari. Ndama wangu wa wiki mbili anaharisha. Bwana mifugo kaja, kamfinya ngozi ya shingo, kamtazama macho, kasema, "Huyu kapungukiwa maji asilimia 8." Mkononi hana chombo chochote! Kajuaje? Kwani maji ya mwilini yana kipimo?
Mama J., Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama. Kipimo kipo, ila hutakikuta zizini. Watafiti humdunga ng'ombe maji mazito, yaani yenye haidrojeni nzito kuliko ya kawaida, kwa kiasi wanachokijua. Husubiri saa kadhaa yaenee mwili mzima, kisha huchukua damu na kupima yamezimuliwa kiasi gani. Ni kama kutia kijiko cha chumvi kwenye sufuria usiyoijua ujazo: ikikolea kidogo, maji ni mengi. Humo humo hujua na kiasi cha mafuta ya mwilini bila kumchinja mnyama, kwani mwili ukiondoa mafuta, takriban asilimia 73 ni maji.

Bwana mifugo wako alikadiria, na anajua kazi yake. Ngozi iliyofinywa ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, na jicho likadidimia hadi pakawa na nafasi ya karibu nusu sentimita kati yake na kope, hiyo ndiyo 8 yake. Mimi naliamini zaidi jicho. Ng'ombe aliyekonda ngozi yake hulegea hata akiwa katoka kumaliza ndoo nzima.

Sasa, asilimia hiyo ni ya uzito wa ndama, si ya maji yake. Akiwa na kilo 40, kapoteza lita 3.2, na hizo ni za kufidia tu; bado yanamtoka. (Watu wa Tukuyu mnadhani kupungukiwa maji ni shida ya Dodoma.) Mpe maji ya dawa ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, mbali na maziwa. Maziwa usimkatishe.

Kama jirani ana mizani ya kuning'iniza ya kupimia viazi, mtie ndama kwenye gunia imara umpime asubuhi na jioni. Akipungua kilo 2 kwa siku moja, karibu zote ni maji. Nyama haiishi upesi hivyo.

Akishindwa kunyonya au kusimama, usimnyweshe kwa nguvu, atapaliwa. Mwite bwana mifugo amtundikie dripu siku hiyo hiyo.