Usikilize Mlango Kabla ya Kuufungua: Kwa Fundi Anayeanza Kazi ya Vitasa vya Umeme

Fundi anayeanza huwa na hamu ya kung'oa kava la mlango mara tu anapoambiwa kwamba kitasa cha umeme cha mlango wa gari hakifungi wala hakifungui. Hamu hiyo naielewa, kwa sababu mota inayosukuma kitasa imo ndani ya mlango, na mtu huona kwamba njia fupi ni kuifuata huko huko iliko. Hata hivyo, mota nyingi nilizozikuta zimebadilishwa bila sababu zilikuwa zimebadilishwa na watu ambao hawakuuliza swali hata moja kabla ya kushika bisibisi, na miongoni mwa mota hizo zimo nilizobadilisha mimi mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi. Nayaandika haya ili wewe usiipite njia hiyo.

Anza kwa kuuliza kama ubovu uko kwenye mlango mmoja au kwenye milango yote. Milango yote ikinyamaza kwa pamoja, si rahisi kabisa mota nne kufa siku moja, kwa hiyo acha kava zote mahali pake na uelekee kwenye betri, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na swichi kuu iliyo kwenye mlango wa dereva. Rimoti ikishindwa huku swichi ya mlangoni ikifunga milango yote bila shida, mota hazina kosa, na kazi yako inaanzia kwenye betri ndogo ya rimoti. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile, kamwe isiwe kubwa zaidi. Na ikiungua tena, chomoa plagi za mota mlango mmoja baada ya mwingine hadi utakapofika kwenye mlango unaoiunguza.

Ubovu ukiwa kwenye mlango mmoja tu, zima injini, zima redio, kisha mwombe mwenzako abonyeze swichi mara kadhaa wakati wewe umeweka kiganja juu ya kava na sikio karibu nalo. Ukimya kamili una maana ya kwamba umeme haufiki au mota imekufa. Mlio hafifu, kama wa kitu kinachojaribu kusukuma kikashindwa, waweza kutoka kwenye mota iliyochoka, lakini pia waweza kutoka kwenye mota nzima inayopokea umeme pungufu au inayolazimishwa kusukuma kitasa kilichokauka grisi. Mlio wenye nguvu huku kitufe cha kitasa kikiwa hakijongei hueleza habari nyingine kabisa: mota inazunguka, lakini gia za plastiki zilizomo ndani yake zimelika meno, au ufito unaoiunganisha na kitasa umechomoka kwenye klipu yake. Kwa nusu dakika ya kusikiliza unakuwa umeshatenga umeme na mashine, na hakuna kifaa cha kununua kinachoweza kukupa jambo hilo kwa haraka zaidi.

Kuna dalili moja ambayo wanagenzi huisoma vibaya mara kwa mara, nayo ni ya mlango unaofunga vizuri lakini ukagoma kufungua, au kinyume chake. Mota ya kawaida ya kitasa ina nyaya mbili tu za nguvu: chanya ikipita waya wa kwanza na hasi ukapita wa pili, mota huzunguka upande mmoja; zikibadilishana, huzunguka upande mwingine. Kwa kuwa nyaya ni zile zile katika safari zote mbili, mlango unaofunga kwa nguvu zake zote umekwisha kukuthibitishia kwamba nyaya zake na mota yake zinapitisha umeme. Tatizo basi litafutwe kwenye kinachobadilisha mwelekeo, yaani swichi, rilei au kompyuta ya bodi (ile inayoongoza vitasa na vifaa vingine vya umeme vya gari), au kwenye kitasa chenyewe ambacho kimekuwa kizito upande mmoja.

Sasa nikupeleke mahali ambapo ningependa kila mwanafunzi apaangalie kabla ya kuilaumu mota: ule mkono wa raba ulio kati ya mlango na nguzo ya bodi, karibu na bawaba. Nyaya zote za mlango hupita humo, na kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hupinda na kunyooka. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, kwa hiyo nyaya zake ndizo zinazochoka mapema, na kwa sababu swichi kuu iko mlangoni humo, waya uliokatika hapo waweza kunyamazisha gari zima. Ugumu wake ni kwamba shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa limebaki zima, na jicho halioni chochote. Chomoa raba upande mmoja, uirudishe nyuma, kisha uvute kila waya polepole kwa vidole viwili. Uliokatika ndani hunyumbuka kama mpira, ilhali mzima hukaza. Kabla ya hapo, jaribu kubonyeza swichi mlango ukiwa wazi nusu, ukiwa wazi kabisa, na ukiwa umefungwa. Kitasa kikifanya kazi katika pembe moja na kugoma katika nyingine, huna haja ya kuitilia shaka mota.

Nilijifunza hili kwa gari ambalo nililibadilishia mota ya mlango wa abiria, likaondoka likifanya kazi, na baada ya siku chache likarudi na ugonjwa ule ule. Nilipokuwa nikifunga mota mpya nilikuwa nimeutikisa mlango mara nyingi, ncha mbili za waya uliokatika zikagusana kwa muda, nami nikadhani ni mota mpya iliyoleta uzima. Ilinibidi nimweleze mwenye gari ukweli kwamba ile ya zamani ilikuwa nzima, na nimrudishie fedha zake. Waya wa namna hii uungwe kwa kipande kipya chenye unene ule ule na kinacholainika vizuri, kiungo kichomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaokaza kwa joto, na kiungo hicho kikae nje ya sehemu inayopinda. Kukiacha ndani ya raba ni kujiwekea miadi ya kuonana na gari hilo tena, kwa kuwa risasi huufanya waya uwe mgumu na huvunjika ukingoni mwake.

Kuhusu kupima umeme, naomba uwe mwangalifu na mita ya namba. Umeme wa kitasa huja kwa muda ulio chini ya sekunde moja kisha hukatwa, na mita nyingi za namba hazijatulia kabla umeme haujaondoka, hivyo mpimaji huona tarakimu zinazorukaruka na kuhitimisha kwamba hakuna kitu. Taa ya kupimia yenye balbu humulika papo hapo na kuonekana. Kuna sababu nyingine ya kuipenda: mita haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, au plagi iliyoota kutu ya kijani, itaonyesha volti 12 kamili plagi ikiwa imechomolewa, na mota ikiunganishwa volti hizo huporomoka. Balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, mzigo unaotosha kuufichua udhaifu huo. Pima, basi, mota ikiwa imeunganishwa, kwa kupenyeza ncha ya kipimio nyuma ya plagi, na ulinganishe na mlango wa upande wa pili ulio mzima. Ila balbu hiyo uitumie kwenye nyaya za mota peke yake. Usiiguse kwenye nyaya nyembamba za mawasiliano ya kompyuta, kwa maana mkondo wake waweza kuziharibu sakiti za ndani, na usipime kwa chochote nyaya za mifuko ya hewa (ile inayofura kumkinga mtu gari linapogongana), ambazo kwa kawaida plagi zake ni za njano.

Umeme ukifika kikamilifu na mota ikanyamaza, hapo ndipo una haki ya kuitoa. Pandisha kioo hadi juu, ondoa waya hasi wa betri, na usubiri dakika kadhaa iwapo mlango una mfuko wa hewa. Skrubu za kava hufichwa nyuma ya mshikio na chini ya vifuniko vidogo, na kinachobaki ni klipu zinazoachia kwa kuvutwa karibu na kila klipu, si kwa kuvuta kona moja kwa nguvu. Vaa glavu, kwa sababu kingo za bati ndani ya mlango hukata. Karatasi ya plastiki iliyogandishwa nyuma ya kava usiichane: ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani ya gari, na katika baadhi ya magari kihisi cha mgongano wa ubavuni hutegemea shinikizo la hewa lililomo mlangoni, hivyo tundu lisilozibwa lina athari kubwa kuliko unyevu.

Kabla ya kuagiza mota, tenganisha ufito wake na ukisogeze kitasa kwa kidole. Kikiwa kizito, kisafishe grisi ya zamani iliyoganda, ukitie grisi nyepesi, kisha ujaribu mota ile ile tena. Magari mengi ya siku hizi yana mota iliyojengwa pamoja na kitasa chenyewe, pamoja na swichi ndogo zinazoieleza kompyuta kama mlango uko wazi au umefungwa. Gari linalofunga milango kisha kuifungua papo hapo mara nyingi lina mojawapo ya swichi hizo inayodai kwamba mlango uko wazi. Itazame taa ya dashibodi ya mlango wazi, nayo itakuambia. Na mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani peke yake, angalia kwanza kile kitufe cha usalama wa watoto kilicho ukingoni mwa mlango, kabla hujamtoza mtu chochote.

Ukimaliza kufunga kila kitu, usiubamize mlango. Mara moja niliubamiza, nikiwa na haraka na ufito mmoja ukiwa haujaingia kwenye klipu, na mlango haukufunguka kwa ndani wala kwa nje; nililitoa kava mlango ukiwa umefungwa, kwa saa nyingi, na lilivunjika. Tangu siku hiyo hufanya hivi: mlango ukiwa wazi, nachukua bisibisi na kuugeuza ulimi wa kitasa hadi ujifunge kama vile umeshika nguzo, nabonyeza swichi kufunga na kufungua mara kumi, kisha navuta mshikio wa ndani, naurudisha ulimi, navuta na wa nje. Ulimi ukiachia kila mara, ndipo naufunga mlango.