Jibu: Mashairi ya wachunga ng'ombe, Elko
Dada, umeuliza kama safari ya Elko, Nevada, kule Marekani, kwenye tamasha la mashairi ya wachunga ng'ombe, inamfaa mtu asiyejua maisha ya ranchi. Nenda! Tamasha hilo lilianza 1985, na hufanyika majira ya baridi kwa sababu ndipo kazi za ranchi hupungua, wenyewe wakapata nafasi ya kuja. Wengi hawashiki karatasi; wamehifadhi, wanaghani tu, vina na mizani vimekaa kama kwenye tenzi zetu. Nilimsikiliza mzee mmoja, kofia kaiweka gotini, akimlilia farasi wake aliyekufa. Ukumbi ulitulia hata buti ikikwaruza sakafu unaisikia. Maneno ya tandiko na kamba yatakupita mwanzoni, we fuata mapigo. Tiketi kata mapema, na koti liwe zito kwelikweli.