Fundi Ajibu: Betri Mpya, Gari Bado Limekataa

Fundi, salamu. Nina Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A. Asubuhi inashika mara moja. Nikiizima saa saba mchana pale Kongowea, nikirudi baada ya dakika kumi napiga ufunguo inalia "ta!" moja tu, basi. Niliambiwa betri imekufa. Nimenunua mpya, na mambo ni yaleyale. (Msomaji, Likoni)

Pole kwa hela. Betri hupimwa kabla ya kuhukumiwa: iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu.

Gari likikataa tena, washa taa kubwa, mtu apige ufunguo, wewe tazama taa. Zikififia sana, umeme unavutwa ila hautoshi: terminali zimeoza, au stata (mota inayozungusha injini iwake) imekaza. Zikibaki zinang'aa, umeme haufiki kwenye mota ya stata kabisa. Mlio wako mmoja unaelekea huku kwa pili.

Anza na waya hasi. Hewa yetu ya chumvi huuotesha ukijani chini ya bolti, pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, huku juu ukionekana msafi. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyekundu kwenye chuma cha injini, kisha mtu astati. Ikizidi volti 0.5, fungua waya ule, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, upake grisi.

Ukiwa mzima, hamia stata. Pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku inayoipa stata umeme, huku ufunguo umeshikiliwa. Chini ya volti 8, kosa liko nyuma yake: swichi ya ufunguo, rilei, au swichi ya gia kama ni otomatiki. Ukiwa na volti za kutosha na stata bado inalia "ta", vibati vya shaba ndani ya solenoidi vimelika. Ni ugonjwa wa kawaida wa stata hizi, na hauhitaji stata nzima: fundi umeme hubadilisha vibati, na plunja, chuma kinachovutwa na sumaku ile, ikiwa nayo imelika.

Kwa nini mchana tu? Ukizima injini, joto lake hulala juu ya stata bila upepo. Shaba ikipata moto hupitisha umeme kwa shida, na solenoidi huvuta kinyonge. Kuigonga kwa nyundo kutakufikisha nyumbani, si zaidi.

Gari langu la petroli la 1996 mjini halina neno, lakini likianza kupanda Mazeras linaishiwa nguvu. Nikisimama dakika tano linaendelea. Plagi ni mpya. (Msomaji, Changamwe)

Je, linakatakata au linalegea taratibu? Kukatakata ni moto wa plagi: tazama kepu ya distributa, inayogawia plagi moto, kama ina ufa, rota, na nyaya, waya unaozidi kilo-omu 25 utupe. Kulegea ni petroli au pumzi ya injini.

Likilegea, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Kikivuta hewa kwa nguvu na gari likapona, tundu lake la hewa limeziba. La sivyo, badilisha filta ya petroli, kisha upimwe mgandamizo wa petroli. Kwenye Toyota nyingi za injeksheni za umri huo, ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha mgandamizo huo), usome takriban psi 38 hadi 44. Ukishuka injini inapokanyagwa, pampu imechoka. Wanaotembea na taa ya petroli kuisha ikiwaka kila siku huiua wenyewe, maana pampu hupozwa na petroli inayoizunguka.

Mgandamizo ukiwa sawa, shuku ekzosi. Geji ya vakyumu isome inchi 17 hadi 21 za zebaki injini ikiunguruma polepole. Shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikizidi kuteremka, ekzosi imeziba ndani.

Makanika ameniondolea thamostati, eti Mombasa joto. Sasa gari linakunywa mafuta na plagi ni nyeusi. (Msomaji, Kisauni)

Irudishe. Bila vali hiyo ya kuzuia maji ya rejeta, injini huchelewa kufika joto lake, na kompyuta, ikidhani bado ni baridi, huendelea kuongeza petroli. Nunua inayofunguka nyuzi 82 hivi, pamoja na gasketi yake. Kama gari lilikuwa linachemka kabla haijatolewa, kagua rejeta na feni.