Kushuka na fri: ushauri kwa dereva anayeanza

Kila ninapokaa na madereva wapya swali hili halikosi: nikifika mteremkoni nikatoa gia, gari likashuka fri, si nitaokoa mafuta? Kwa magari mengi mnayoendesha leo, hapana. Muda ule wa kushuka ndio kwanza unayachoma. Ila msiwacheke wazee waliowafundisha hivyo, maana wao hawakudanganya.

Wengi wao walijifunzia magari ya kabureta, Peugeot 504 na Datsun. Kabureta haijui kama unapanda au unashuka. Injini ikizunguka inavuta hewa, na hewa inapita na petroli. Ukishuka na gia, matairi yanaizungusha injini kwa nguvu, nayo inaendelea kunyonya kupitia tundu la silensa (silensa ni injini kuwaka taratibu bila kukanyagwa mafuta) hata kama mguu umeutoa. Ukitoa gia, mizunguko inashuka na kunyonya kunapungua. Kwa gari lile, fri ilikuwa akiba. Ndogo, lakini ilikuwepo.

Gari lenye nozeli za kupulizia mafuta zinazoongozwa na kompyuta halifanyi hivyo. Umeachia pedeli ya mafuta, mizunguko bado iko juu, kompyuta inafunga nozeli kabisa. Injini inazungushwa na matairi bila hata tone. Mizunguko ikishuka hadi kwenye 1,500 au 1,000 kwa dakika, kutegemea gari, nozeli zinafunguka tena ili injini isizime. Ukitulia utasikia gari likijisukuma kidogo. Sasa wewe ukiweka fri umeikata injini na matairi, kwa hiyo ili iendelee kuwaka lazima ichome mafuta ya silensa. Injini ndogo ya petroli hula kama nusu lita hadi lita moja kwa saa ikiwa silensa, na AC ikiwashwa inapanda.

Chukua lita 0.8 kwa saa na mteremko wa dakika sita. Hiyo ni mililita 80. Petroli ikiwa shilingi 3,000, tunabishania shilingi 240. Mwenye gari linaloonyesha matumizi ya papo hapo kwa lita kwa kilomita 100 aangalie dashibodi siku akishuka na gia, mguu nje: inasoma 0.0.

Wenzangu wa malori watasema hayo ni ya gari ndogo. Hapana. Hata pampu za dizeli za zamani zina gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya injini, na ukiachia mafuta huku injini inazungushwa juu ya silensa, gavana inakata. Dereva anayekuambia anaona tofauti kwenye tangi haoti, lakini tofauti hiyo inatokana na mwendo. Lori likiwa fri halishikwi na injini, linachanganya, na kasi ile inalibeba mbali likifika tambarare. Kwa aliyepewa mafuta ya safari kwa kipimo, yanayobaki yakawa yake, kishawishi hicho si kidogo. Maana yake anauza breki ya injini kwa lita mbili tatu.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Tani 56 zikishuka mita 100 tu za kimo, nishati inayotoka ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji ya bomba. Kwenye gia, sehemu kubwa yake inamezwa na injini na breki ya ekzosti. Kwenye fri, karibu yote inakwenda kwenye ngoma za breki. Zikipata moto sana lainingi hazishiki tena. Unakanyaga na gari linakwenda. Mteremko wa Kitonga kule Iringa unajua hilo, na kule Kenya barabara ya Salgaa hadi Sachangwan inalijua zaidi.

Utasema ukiona kasi imezidi utarudisha gia. Jaribu kwenye giaboksi isiyo na sinkro, ile inayolinganisha mizunguko ili gia iingie, gari limeshachanganya: itakwaruza tu, haiingii. Injini iko kwenye silensa, matairi yanazunguka kwa kasi nyingine kabisa. Ndiyo maana gia huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka. Kanuni ya barabarani inasema gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Mimi kwenye mzigo mzito naweka hata ya chini yake. Kuzima injini kabisa mteremkoni ni balaa zaidi: usukani unakuwa mzito, buster ya breki ya gari ndogo inabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, na kwenye lori kompresa ya upepo inasimama.

Pana mahali fri inashinda, sitawaficha. Mteremko ukiwa mdogo mno, injini kwenye gia inalivuta gari nyuma hadi unalazimika kukanyaga mafuta tena. Hapo kuserereka kwa silensa kunaweza kukufikisha mbali zaidi kwa mafuta kidogo. Malori mapya yenye gia za kompyuta hufanya hivyo yenyewe. Volvo wanaita I-Roll, Scania wanaita Eco-roll. Lakini kompyuta ile inapima kasi muda wote na kurudisha gia yenyewe mwendo ukizidi. Mguu wa mtu mwenye usingizi saa tisa usiku hauna uhakika huo.

Wenye otomatiki, iacheni kwenye D, na mteremko ukiwa mkali shukeni kwa L, 2 au kwa kuzima O/D, ile gia ya juu kabisa. Wenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua, N, yaani fri, inawanyima hata umeme ambao gari lingerudisha kwenye betri.

Mnaotafuta akiba mjini, iko kwenye kuachia mafuta mapema. Umeona tuta au foleni mbele, toa mguu ukiwa bado na gia, nozeli zifunge, gari lipungue lenyewe. Anayekanyaga hadi mita ishirini kisha akafunga breki amelipia mwendo ule wote kwa petroli, halafu analipa tena kwa pedi.