Tulibishana kuhusu grafini, tukasahau kuhesabu hisa

Kwa miaka mitatu na ushee nimekuwa mwanahisa wa kampuni ndogo inayotengeneza grafini, yaani kaboni iliyo nyembamba kama tabaka moja la atomu. Jina lake silitaji. Bado ipo, na waliomo ndani wanahangaika kwa nia njema. Tulikuwa watu saba tuliofahamiana, kila mmoja amenunua kwa akiba yake, na tukikutana hatukuwa na mazungumzo mengine: je, hii kampuni itatoka?

Mimi nilikuwa upande wa wenye matumaini, tena mbele kabisa. Nilikuwa na hadithi yangu ya kuanzia. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua grafiti, ile kaboni ya ndani ya penseli, kwa utepe wa gundi, tabaka baada ya tabaka, mpaka wakabaki na tabaka lenye unene wa atomu moja. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kitu chenyewe kinapitisha umeme na joto kwa namna ya ajabu, na uimara wake unakiacha chuma mbali. Basi hapo mimi hujumlisha: betri zote, matairi yote, rangi zote, saruji yote duniani. Nikimaliza kujumlisha, hata bei ya hisa sikuiona ghali.

Katika kundi letu alikuwemo mzee mmoja aliyestaafu baada ya miaka mingi katika idara ya ununuzi ya kiwanda. Siku moja aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Mwanangu, hayo yote nimekubali. Mwaka jana wateja waliwalipa kiasi gani?"

Sikujua. Nilijua unene wa atomu, mauzo sikuyajua. Nilipoenda kuangalia nikakuta mapato ya mwaka mzima hayatoshi kulipa mishahara ya kampuni hiyo kwa miezi miwili.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuingia kwenye kampuni za malighafi za kisasa umetoka kwa mzee huyu, na ni kuitazama kampuni kwa macho ya mnunuzi. Alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Muuzaji anakuja na sampuli, nawe unaipokea kwa sababu ni ya bure. Inakaa maabara. Ikifaa, mafundi wanaijaribu kwenye mchanganyiko wenu: wanaipasha joto, wanaigandisha, wanaiacha miezi waone kama inabadilika. Halafu yanakuja maswali ya usalama wa wafanyakazi wanaougusa unga wake. Halafu jaribio kwenye mtambo wenyewe, na hapo lazima usimamishe uzalishaji wa bidhaa inayokulipa. Ukishapita yote hayo, mkubwa wako anakuuliza: huyu muuzaji akifunga mlango, tutanunua kwa nani? Kama hakuna wa pili, faili linarudi kabatini.

"Bawa la ndege likipasuka," alisema, "hawamwiti aliyevumbua. Wanamwita aliyenunua."

Tangu siku hiyo nasoma matangazo ya kampuni kwa namna nyingine. Kutuma sampuli kwa wateja arobaini maana yake watu arobaini wamepokea kitu cha bure. Hati ya maelewano ni karatasi ambayo hakuna anayedaiwa kitu. "Ushirikiano wa kimkakati" mara nyingi ni kampuni mbili zisizo na pesa zimepigana picha. Ninachotafuta ni mteja aliyelipa, akarudi, akaagiza zaidi. Oda ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inaweza kuwa udadisi tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatukulifikiria, nalo ni kilo. Nguvu ya malighafi hizi ni kwamba unatia kidogo tu na kazi inafanyika. Vizuri, lakini basi unauza kidogo tu. Ikiwa mchanganyiko unahitaji grafini asilimia 0.1, tani elfu moja za rangi zinakula tani moja ya grafini. Ukipandisha bei ya hiyo tani, mtengeneza rangi anabaki na kile anachokitumia tangu zamani. Ukiishusha, washindani wako nao wanashusha. Ile jumla yangu ya "rangi zote duniani" ilikuwa jumla ya rangi. Ya grafini sikuwahi kuifanya.

Tusidhani ni makampuni madogo tu yanayokwama. Bayer ya Ujerumani, iliyokuwa na mtambo wa kutengeneza nanotyubu za kaboni, yaani vimirija vyembamba mno vya kaboni, pale Leverkusen wenye uwezo wa tani 200 kwa mwaka, ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaachana na biashara hiyo. Fedha walikuwa nazo, wakemia wa kutosha walikuwa nao. Soko halikuwa tayari.

Dada mmoja kwenye kundi alikuwa akiwajibu wenye shaka kwa mfano wa nyuzi za kaboni, na hoja yake ilikuwa nzito. Toray ya Japani ilianza kuzizalisha kibiashara mwaka 1971. Miaka ya mwanzo zilikwenda kwenye fimbo za gofu na za kuvulia samaki. Ndege ya Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni malighafi za mchanganyiko wa nyuzi kama hizo, ilianza kubeba abiria mwaka 2011. Miaka 40! Yeye aliona huo ni ushahidi kwamba subira inalipa. Nami nilimuunga mkono kwa muda mrefu, mpaka nilipojiuliza Toray ilikuwa inakula nini wakati huo wote. Ilikuwa kampuni kubwa ya nguo na nyuzi za kawaida. Corning nayo ilitengeneza kioo kilichoimarishwa kwa kemikali miaka ya 1960, ikakiweka kando, na kizazi chake kikaja kupata soko kwenye simu kuanzia 2007. Katikati iliishi kwa vioo vingine. Mvumilivu hula mbivu, lakini awe na chungu kingine jikoni. Kampuni yangu ilikuwa na chungu kimoja, na mwenye kukitia maji ni mimi.

Hapa ndipo niliumia, na ndipo nakuomba ukae zaidi.

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Tazama fedha taslimu zilizobaki, tazama zinazotumika kwa mwezi, gawanya. Kampuni yenye milioni 12 inayotumia milioni moja kwa mwezi inaonekana ina mwaka mzima, kumbe haina. Mkaguzi wa hesabu anatakiwa kusema kama kampuni inaweza kuendelea kwa miezi 12 ijayo, na viongozi hawapendi kusikia neno "shaka kubwa" kwenye ripoti yao. Kwa hiyo wataanza kutafuta fedha mapema, pengine mwezi wa tano au wa sita. Na kwa kuwa benki haikopeshi kampuni isiyo na mauzo, watauza hisa mpya, tena kwa bei ya punguzo, kwa sababu wanunuzi wanajua wana shida.

Fanya hesabu hii pole pole. Kampuni ina thamani ya milioni 50 na hisa milioni 100: kila hisa ni senti 50. Miaka mitatu baadaye, baada ya kuuza hisa mpya mara tatu, bado ina thamani ya milioni 50, lakini hisa sasa ni milioni 250. Kila hisa ni senti 20. Kampuni haikuporomoka, mimi nimepoteza asilimia 60. Ndivyo ilivyonitokea, kwa tarakimu zinazokaribiana sana na hizo. Umiliki wangu ulizimuliwa kama uji wa wageni wengi, na muda wote huo nilikuwa nikibishana kuhusu atomu.

Kuna atakayesema: tafuta basi kampuni yenye mteja mkubwa. Tulisema hivyo pia, mpaka tulipoisoma habari ya GT Advanced Technologies ya Marekani. Novemba 2013 ilitangaza mkataba na Apple wa kuzalisha yakuti ya kutengenezwa, na Apple ikakubali kutanguliza dola milioni 578. Wawekezaji wadogo walifurahi mno. Uzalishaji wa mabonge ya yakuti ya kilo 262 ukasumbua, iPhone 6 ikatoka Septemba 2014 bila kioo cha yakuti, na tarehe 6 Oktoba kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 90 kwa siku moja. Mteja alikuwa wa kweli, na masharti yake pia yalikuwa ya kweli.

Kampuni ya Wolfspeed ya Marekani ndiyo inayonishangaza zaidi, maana silikoni kabaidi yake, malighafi ya chipu za kudhibiti umeme, inatumika hasa, magari ya umeme yanaihitaji hasa. Ilijenga viwanda kwa madeni ya mabilioni, soko likachelewa, na Juni 2025 ikaingia mahakamani kupanga upya madeni. Wanahisa wa zamani waliachiwa asilimia 3 hadi 5 ya kampuni mpya. Wakosoaji walioidharau malighafi yenyewe walikosea, na walioinunua hisa wakaumia vile vile.

Kuhusu mabishano yetu, ninajuta jambo moja. Kadiri bei ilivyoshuka ndivyo tulivyozidi kumwona mwenye shaka kama adui. Kaka mmoja aliuza, akatuambia wazi sababu zake, tukamcheka. Akaacha kuja. Tukabaki sita tunaokubaliana, na vikao vikawa vitamu sana na vya bure kabisa. Ukiona kwenye kundi lako hakuna tena anayekuudhi, huo ndio wakati wa kumpigia simu yule aliyeondoka. Mimi nilimpigia, nikiwa nimechelewa, na ndiye aliyenionyesha jinsi idadi ya hisa ilivyokuwa ikipanda kila mwaka. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa maelezo ya hesabu muda wote.

Niliuza robo tatu. Robo iliyobaki nimeiwekea karatasi ndani ya daftari, yenye mistari miwili: nitauza wakitoa hisa mpya kabla ya oda ya pili ya mteja yeyote, nitauza ikifika Desemba mapato hayajalipa hata nusu ya mishahara. Nimeiandika kwa kalamu, na nimempa mzee nakala, kwa sababu najijua.

Yeye hajauza hata hisa moja. Nilimuuliza mbona, baada ya maswali yote yale. Akasema alinunua chache tu tangu mwanzo, ili apate sababu ya kuja kutusikiliza.